Mkono Usioguswa

Mjukuu alimshika kidole, basi. Kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, kwa kiganja laini cha mtoto ambaye hata kukaa bado hajajua, na Mama Pasi akapiga yowe lililowatoa majirani nje. Aliurusha mkono, mtoto akateleza mapajani, na kama si binti yake kumdaka mguu, jamani, hapa tungekuwa tunasimulia mengine kabisa.

Binti hakugomba. Afadhali angegomba. Alimbeba mwanawe, akamfuta machozi, akasema taratibu, "Pumzika tu, mama." Tangu siku hiyo hakumpa tena mama yake ampakate mtoto. Akija kuwasalimia, anakaa kiti cha karibu na mlango, mtoto kamkumbatia kifuani. Anacheka, anapiga soga, lakini mtoto hamtoi. Mama Pasi aliliona hilo.

Sasa usimhukumu kabla hujamjua. Huyu mama alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, na si mpiga pasi wa kubabaisha. Kola aliyoinyoosha yeye ilibaki imesimama hata mwenye shati akisinzia mkutanoni. Wateja ndio waliompa jina hilo la Mama Pasi, likamganda mpaka mumewe, kinyozi, akaacha kumwita vingine. Na dukani kwao kulikuwa na sheria moja tu, lundo halilali. Ukishaanza lundo la nguo utalimaliza leo leo, hata mgongo ukatike. Mama Pasi aliipenda sheria hiyo kuliko mwenye duka mwenyewe.

Ndipo siku moja mpira wa pasi ya mvuke ukapasuka, mvuke ukamchoma nyuma ya kiganja. Aliungua vibaya, hakuna wa kubisha. Kidonda kikauguzwa, kikafunga, ikabaki alama ndogo ya rangi ya chai ya maziwa. Watu wakampa pole, wakaendelea na mambo yao. Maumivu ndiyo hayakwenda. Yalitoka kwenye ile alama yakapanda kiwikoni, yakapanda begani, yakafika shingoni, ambako mvuke haukuwahi kufika. Shuka ikimgusa, anaumia. Upepo wa feni ukimpitia, anaumia. Akapigwa picha, mifupa mizima. Akapimwa damu, safi. Daktari mmoja akamtazama juu ya miwani akamwambia, "Mama, huna kitu."

Huna kitu! Mtu halali, anatokwa machozi kwa sababu ya shuka, halafu unamwambia hana kitu! Wifi yake naye akapata la kusema, eti kazi imemshinda, anatafuta pa kupumzikia.

Wapiga pasi wenzake walikuwa na maelezo yao. Walisema joto limeingia ndani na halijatoka, kwa hiyo mkono ufungwe kitambaa kibichi, wala usiguswe na mtu mpaka joto lote litoke. Mama Pasi akaamini, maana nani analijua joto kuliko wao? Akaufunga mkono, akautundika shingoni, na nyumba nzima ikawa inaishi kwa ajili yake. Mume akahamia ukingoni mwa kitanda. Akawa anapika, anaosha vyombo, anamfunga mkewe vifungo vya gauni. Kila asubuhi, hata kabla ya salamu, "Unauma?" Jioni akirudi kutoka kwenye kibanda chake cha kunyolea, "Unauma?" Alikuwa anampenda, usimcheke.

Na siku moja moja mkono ukimpa nafuu, Mama Pasi huyo, mbio dukani. Atalivamia lundo zima mpaka shati la mwisho, arudi akiimba. Kesho yake hainuki kitandani, wala keshokutwa.

Lakini baada ya lile tukio la mjukuu, alifika mwisho. Alikwenda hospitali akiwa amevaa gauni lake la kutokea, mume nyuma yake kabeba mkoba, akaketi mbele ya daktari akasema, "Nimekuja mnikate huu mkono."

"Umesema?"

"Mnikate. Unanitenga na mjukuu wangu. Wa nini?"

Kinyozi aliudondosha mkoba. Hakuwa ameambiwa. Daktari, yuleyule wa miwani, safari hii aliwaandikia waende chumba cha mwisho kwenye korido, kwa mtaalamu wa viungo.

Mtaalamu huyo alikuwa mtu mfupi, mpole, kalamu kaichomeka sikioni. Hakuanza na mkono. Alimwuliza analalaje. Akamwuliza kelele anazivumiliaje siku hizi, mlango ukibamizwa, sufuria ikianguka. Taa kali je?

Mama Pasi akamtumbulia macho. "Nani kakwambia? Mfuniko ukigonga tu, mwili wote unanisisimka mpaka shingoni. Sijamwambia mtu, nilidhani ni uzee."

"Sijaambiwa na mtu," alisema yule bwana. Kisha akaleta kioo, akakisimamisha katikati ya meza. Akamwomba aufiche mkono mbovu nyuma ya kioo na mzima auweke mbele. "Tazama humu kwenye kioo, usitazame pengine."

Akatazama. Ule mkono wake wa kushoto, ndani ya kioo, ulionekana kama ndio wa kulia, uko wazi, hauna kitambaa. Mtaalamu akachukua pamba, akaipitisha juu ya huo mkono mzima, polepole.

Mama Pasi aliruka na kiti chake. Moto ulimwingia mkono wa kulia, ule uliofichwa, ukapanda mpaka begani.

"Umemgusa!" Kinyozi alikuwa tayari kasimama. "Nimekuona! Umemgusa mkono mbovu!"

"Sijamgusa, mzee wangu. Zunguka huku uone."

Akazunguka. Mkono mbovu ulikuwa umelala peke yake na kitambaa chake kibichi, na pamba iko upande wa pili. Kinyozi, mtu anayeongea toka anafungua duka hadi anafunga, alibaki mdomo wazi. Akamtazama mkewe, akautazama mkono, akarudi kukaa.

Hakuna aliyemgusa na ameumia! Wifi yake alimjia kichwani palepale, na yule daktari wa miwani. "Kwa hiyo ni kweli," alisema Mama Pasi. "Najifanya. Miaka yote hii mimi ni mwongo na sijijui. Au nina wazimu."

"Ngoja kwanza. Umeumia au hukuumia?"

"Nimeumia! Huoni ninavyotetemeka?"

"Basi umeumia. Maumivu yako ni ya kweli, na asikudanganye mtu. Kisichokuwepo ni kidonda." Akamweleza kwamba mishipa ya fahamu na ubongo, vikikaa muda mrefu vikipokea habari za hatari, huwa vikali kupita kiasi. Hata kitu kidogo kikigusa, hata kikionekana tu kinagusa, vyenyewe vinasoma hatari, na mtu anaumia kwelikweli.

Mama Pasi akafikiri kwa njia anayoijua. "Yaani kama pasi iliyoharibika kitufe cha joto? Unaiweka kwenye hariri, yenyewe inaunguza?"

"Hivyo hivyo. Na shati lina kosa gani?"

"Shati halina kosa."

"Ebo!" Kinyozi akapata sauti. "Muda wote huu tumekuwa tunauguza shati!"

Mtaalamu akacheka, kisha akaacha kucheka, maana mama alikuwa analia. Alikuwa amejiandaa kurudi nyumbani bila mkono, na mkono ulikuwa mzima.

Kazi aliyopewa ilimtisha kuliko kukatwa. Kitambaa kibichi kitoke leo. Kila siku aupapase mkono mwenyewe, kidogo kidogo, aanze na pamba, aje kwenye hariri, mwisho taulo. Atembee. Alale saa zilezile. Vidonge alivyokuwa anameza bila kupata nafuu, daktari atavipunguza taratibu. "Na wewe mzee, usimwulize tena kama unauma. Kila ukimwuliza, unaukumbusha mwili wake kuna hatari."

"Nimwulize nini sasa?"

"Mwulize amelalaje."

Lakini lililompasua kichwa ni la dukani. Apige pasi nguo chache tu, na zikifika hizo aache, hata mkono ukiwa unamwambia endelea. Siku nzuri na siku mbaya, idadi ileile.

"Niache lundo?" aliuliza. "Lilale?"

"Lilale."

Alitoka pale ametahayari kama aliyeambiwa aiibe pasi yenyewe. Siku ya kwanza kuyaacha mashati mezani, wenzake walimtazama kama kapandwa na kitu. Ila kesho yake aliamka, akaenda kazini. Na keshokutwa.

Nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka. Kuna siku pamba ilimliza. Kuna siku aligombana na wifi yake, na mkono wote ukawaka mpaka shingoni bila kuguswa na chochote, akautafuta ule ukanda wa kuutundikia shingoni. Mumewe alikuwa ameshautupa. Usiku ule walitukanana, asubuhi kinyozi akauliza kwa unyonge, "Umelalaje?" Akamjibu, "Vibaya, kwa sababu yako," na wote wawili wakacheka.

Mtoto alikuwa ameanza kutambaa siku binti alipokuja na kukaa kwenye kiti chake cha mlangoni. Mama Pasi aliketi chini, mkekani, akaunyoosha mkono wa kulia mbele yake, wazi, hauna kitambaa. "Mshushe," alisema.

Binti akamtazama baba yake. Baba akatazama dirishani.

Alimshusha. Mtoto akatambaa moja kwa moja, akaukamata mkono wa bibi yake kwa viganja vyote viwili, akavuta vidole akavitia mdomoni, akaving'ata kwa ufizi wake wenye jino moja. Uso wa Mama Pasi ukajikunja wote. Binti akaruka kutoka kitini. "Mama! Unauma?"

Kinyozi aliziba macho.

"Unauma," alisema Mama Pasi. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mkono haukusogea. "Mwache anishike."

Binti alibaki amesimama kidogo, mikono imenyooshwa tayari kudaka. Halafu akaishusha, akaja kukaa mkekani karibu na mama yake.