Mama Futi na Dumu la Njiani

Alizaliwa mwezi wa Machi, mwaka 1948, mtoto wa nne wa mshona nguo na mpiga chapa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa letu. Alijua cherehani kabla ya kujua kusoma vizuri, na alipotimiza miaka ishirini alikuwa na duka lake mwenyewe, lenye dirisha la kutazama barabarani, akishona sare za shule. Kwa kuwa futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata siku ya Komunyo, watu walimwita Mama Futi, na jina la ubatizo likabaki kwenye vitabu vya parokia. Aliolewa na mwashi, mtu mpole akiwa hajanywa. Mwaka 1972 Mungu akawajalia binti, na hakuwapa mwingine.

Wasomaji wanaopenda watakatifu waliofunga tangu wakinyonya watanisamehe, maana utakatifu wa huyu ulianza na kosa. Siku hizo, katika mtaa wetu, mtoto mwenye adabu alikuwa mtoto anayetumika. Mzazi akitoka kazini alimpa dumu, naye mtoto akapanda kilima hadi kilabuni kumletea pombe. Binti wa Mama Futi alianza kutumwa akiwa na miaka tisa. Alipofika kumi, mwashi akaanza kulalamika kwamba pombe imekuwa nyepesi, na Jumamosi moja akaenda kugombana na muuzaji mbele za watu: "Unatuuzia maji, bwana! Una kisima humo ndani?" Muuzaji akaapa kwa mama yake mzazi. Wiki iliyofuata Mama Futi, akiwa dirishani, alimwona binti yake amechuchumaa kwenye bomba la barabarani, anakunywa kutoka kwenye dumu kisha analijaza maji mpaka juu. Akacheka. Alicheka hadi akaegemea cherehani, akawasimulia majirani, nao wakacheka mwezi mzima, wakimwita mtoto Mhandisi wa Maji. Kicheko hicho alikiungama kila Kwaresima hadi kufa kwake, ingawa padre alimwambia mara nyingi kwamba kilishasamehewa.

Akiwa na miaka kumi na mitatu binti alikuwa anakunywa bila kutumwa na mtu. Akiwa na kumi na mitano shule ilimrudisha nyumbani. Palikuwa na mikanda, palikuwa na machozi, palikuwa na novena mbili. Asubuhi moja ya Agosti, mwaka 1988, aliondoka na mfuko mmoja, akasema anapita kwa rafiki, na hakurudi. Mama yake alimtafuta kwenye vituo vya mabasi, hospitalini, mahabusu, na hata chumba cha maiti, ambako alitoka huku akishukuru na kulia kwa pamoja.

Wito wake haukuletwa na malaika. Mwezi wa pili wa msako ule alimwona dirishani mtoto wa fundi bomba, msichana wa miaka saba, akipanda kilima na dumu. Aliacha sindano katikati ya kitambaa, akamshika mkono, akamrudisha kwao.

"Shemeji," alimwambia fundi bomba, "kiu ni yako na miguu ni yako. Mtoto muache."

"Wa kwako amekushinda, sasa unataka kutulelea wetu?"

"Ndiyo, amenishinda," akajibu. "Ndiyo maana naijua njia wanakoanzia."

Alifungiwa mlango. Akarudi dukani na kuweka sharti moja: kabla hajapima sare, mzazi aahidi mbele ya mtoto kwamba hatamtuma pombe. Asiyeahidi, mtoto hapimwi. Januari iliyofuata wateja wakahamia kwa fundi mwingine, na Mama Futi akala uji mchana na jioni. Wazee walimwambia anaharibu adabu, kwamba samaki mkunje angali mbichi. Akawajibu kwamba samaki ni yule yule, ila wao wanamkunjia kilabuni. Wa kwanza kumtii alikuwa mumewe, Mungu amhesabie hilo. Alibeba dumu lake mwenyewe ndani ya koti kama mwizi wa kuku, na baada ya miezi mitatu akasema kilima kimekuwa kirefu kuliko kiu. Wengine wakafuata, kwanza kwa aibu, halafu kwa mazoea.

Wauza pombe wanne walikubali kutompimia mtoto, hata akija na barua ya baba yake. Wa tano, yule yule aliyesingiziwa maji, aligoma miaka sita. "Nisipomuuzia mimi, atauziwa kwingine," alisema. Mwaka 1994 binti yake mwenyewe, wa miaka kumi na mmoja, alikutwa amelala nyuma ya mapipa ya pombe, haamki. Mama Futi alimbeba mgongoni hadi zahanati, anakimbia na kuomba kwa sauti. Watu husema mtoto alikuwa hana pumzi, na ikamrudia pale mgongoni. Muuguzi aliyekuwa zamu aliniambia pumzi ilikuwepo, ila ndogo, na wangechelewa kidogo wangemzika. Nimeandika yote mawili, kila mtu achukue lake. Kesho yake muuzaji alibandika mlangoni: MTOTO HAINGII HUMU HATA KWA SALAMU.

Mtaa ulipona, yeye hakupona. Kila Desemba alimshonea binti gauni kwa kipimo cha kukisia, akijisemea kwamba sasa atakuwa amenenepa kidogo, sasa labda amezaa. Hakuna gauni alilolipiga upindo, kwa sababu upindo unataka mwenye nguo asimame. Alimkumbuka mwanawe hadi akachoka, na akichoka aliendelea.

Alifariki tarehe 9 Oktoba, 2015, saa nne asubuhi. Mimi katekista nilikuwa kando ya kitanda, nikamwambia, kama tunavyofundishwa kuwafariji wanaokwenda, kwamba huenda atamkuta binti yake mbinguni. Akafumbua macho. "Nikimkuta nitafurahi," alisema. "Nisipomkuta nitafurahi zaidi." Sijathubutu tena kumfariji mama yeyote kwa maneno yale.

Kanisa halijamtangaza, na huenda halitamtangaza, lakini wazazi wa mtaa huu wamekuwa wakimuiga kwa kupanda kilima wenyewe, au kwa kutopanda kabisa. Nawe msomaji muige. Kitu usichotaka mwanao akipende, usimpe akubebee. Na akikosea usicheke.

Neno la mwisho si lako. Hatukujua pa kupeleka taarifa ya msiba, kwa hiyo naiweka hapa, na kitabu hiki kitembee mpaka kimfikie anayehusika. Dada, mama yako amefariki. Hakuwahi kukukasirikia, nilimuuliza. Kaburi lake liko upande wa kushoto wa kanisa. Njoo, hata kama umelewa.