Ujumbe wa Baba Uliokatikia Ggaba

Hili nawasimulia kwa aibu, na mkitaka kucheka chekeni tu, maana mpaka leo nikipita ufukweni Ggaba navuta kofia inifunike macho.

Wenye boti pale walikuwa wanaibiwa injini ziwani, wezi wanasikiliza redio zao za mawasiliano wajue boti iko wapi, basi mimi, fundi kompyuta wa Nateete niliyejifundisha C, lugha ya kuandikia programu, na kujiona profesa, nikawaundia kifaa cha kutuma ujumbe uliofungwa kwa siri, mwizi akiunasa anaona takataka tu. Sasa kabla ya kutuma, programu lazima ijue ujumbe una urefu gani, nami kazi hiyo nikaipa amri ya C iitwayo strlen, ambayo huhesabu herufi mpaka ikutane na sifuri, ndipo isimame (kwa maneno ya kawaida ni sawa, sifuri iko mwishoni). Lakini ujumbe ukishafungwa si maneno tena, ni vurugu, sifuri inaweza kuangukia hata katikati. Nililisoma hilo mahali, nikasema aah, mbona dukani nikituma “niko salama” inafika kila mara!

Siku ya maonyesho baba yangu, mwanajeshi mstaafu anayeendesha boti, akajitolea kwenda majini atume maneno hayo hayo, “niko salama”. Nikawaamuru yeye na wenzake wa botini wazime simu, ili watu waiamini mashine. Wakaenda mpaka hatuwaoni, na upepo ukaanza.

Kompyuta ikalia. Nikashika kipaza sauti nikasoma kwa madaha, mbele ya wenye boti, wauza samaki, na mama niliyemkalisha kiti cha mbele: “Maji yanaingia ndani, mama watoto.”

Basi. Hakuna kingine.

Jamani, niliogopa. Nikapiga simu ya baba, imezimwa, ya mwenzake, imezimwa (kwa amri ya nani?), na kipaza sauti bado kiko mkononi, kwa hiyo soko zima likanisikia nikilia kwamba nimemuua baba. Wanawake wakaanza kuomboleza, boti zikawashwa, mwenyekiti wa wenye boti akaniuliza niliwazimisha watu simu kwa nini. Mama hakulia. Alivua viatu akaingia majini na kitenge chake, nami nikamfuata na suti ya kuazima (kuogelea sijui!), mpaka wauza samaki wakanivuta kwa kola, mama wakamshika mikono.

Baada ya muda mrefu, baba akatokea, mkavu kasoro viatu, amekasirika kwa kuzingirwa na boti za kumwokoa. Mzee anapenda maneno, “niko salama” aliiona fupi mno. Alikuwa ameandika: “Maji yanaingia ndani, mama watoto, ndani ya viatu vyangu tu, mimi mzima, nipikie samaki.” Sifuri iliangukia baada ya “watoto”, strlen ikasimama hapo hapo.

Mama akamshika shati, akamshika mikono, akamshika uso. Halafu akanigeukia, akasema polepole, “Na siku akizama kweli, hiyo mashine yako itaniambia nini?”

Usiku huo huo nikaifungua programu.

Kurekebisha kulichukua mstari mmoja wa programu: urefu nauchukua pale pale ninapoufunga ujumbe, nauhifadhi kando kama namba, na naapa strlen haitagusa tena kitu kilichofungwa. Wenye boti walinisamehe. Lakini mpaka leo simu ya baba isipopatikana, mama hanipigii mimi kuuliza, anakwenda mwenyewe kusimama ufukweni.