Jina Lililomnyamazisha Yoeli

Nilipokuwa na miaka tisa, tukikaa nje kidogo ya mji wa Kitale, mdogo wangu Yoeli alilia karibu wiki nzima, na watu wazima wawili wenye akili timamu wakakaa wakibishana juu ya jina lake. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, lakini nikiikumbuka wiki ile bado nachemka.

Yoeli alikuwa hajaanza hata kutambaa. Kazi ya kumbeba ilikuwa yangu, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na Mama alikuwa shambani akipalilia mahindi. Kwa hiyo kilio chote nilikipata mimi, mgongoni. Hakikuwa kilio cha njaa. Alikataa kunyonya, alikunja uso, alisugua kichwa begani kwangu upande mmoja tu, kisha akaanza upya. Nilimwambia kila mtu kwamba anasugua upande mmoja. Nani alikuwa na habari na mtoto wa miaka tisa?

Kukhu, mama yake Baba, aliposikia alipanda gari kutoka Bungoma akaja. Kwetu sisi Wabukusu, mtoto asiyenyamaza husemekana anadai jina la marehemu wa ukoo, na dawa yake ni kumtajia majina hayo moja moja. Lile atakalonyamazia ndilo lake. Kukhu hakungoja hata chai ipoe.

"Huyu mutoto munamwita na jina ya kitabu," alimwambia Baba. "Si muone vile analia? Wenyewe wanamutaka."

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na jina la Yoeli alisema alipewa katika maombi. Alimjibu mama yake kwa heshima zote kwamba nyumba yake haitaongozwa na wafu, akatangaza mfungo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kwenye ghala la mahindi alisimama katikati ya sebule akimwomba Mungu atuonyeshe njia, nasi tumefumba macho, huku Yoeli akipiga mayowe hadi majirani wakachoka nasi. Kukhu naye alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili. Aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sisi sote. Baba akishatoka tu, anampakata Yoeli na kuanza: Wafula, Wanyonyi, Wekesa, Barasa.

Mama alitaka jambo moja, kumpeleka mtoto hospitali mjini. Alimwambia Baba siku ya Jumatano. Baba akasema tungoje kwanza Bwana aseme, kwa maana ukifunga na kuomba, halafu ukakimbilia sindano, umemwambia Mungu kwamba humwamini.

"Na akisema, tutamsikia aje na hii kelele?" Mama akamwuliza.

Baba alikasirika. Mama, ambaye kwa kawaida alikuwa na neno la mwisho kuanzia mbegu za kupanda hadi viatu vya kwenda navyo shule, safari hii akanyamaza. Hapo ndipo panaponiudhi kuliko pote. Hospitali haikuwa mbali. Watu walikwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Jumapili baada ya ibada, Baba alirudi na wazee wenzake wawili wamwombee mtoto. Waliweka mikono juu yake, Kukhu akiwa amempakata. Sauti za wanaume zilipopanda, nikaona midomo ya Kukhu inacheza. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nikasikia. Alikuwa anataja majina. Alipofika Simiyu, jina la kaka yake aliyezikwa Lwakhakha, Yoeli akanyamaza. Akashusha pumzi, akalala usingizi.

Baba alitokwa na machozi ya shukrani. Wazee wakaanza kuimba. Kukhu akanigusa goti, akaninong'oneza, "Umeona?" Kila mmoja alikuwa ameshinda, na katika furaha yote hiyo hakuna aliyemtazama mtoto mwenyewe ila Mama. Alimchukua, akamgeuza kichwa. Shali ya Kukhu ilikuwa imelowa usaha na damu kidogo, vimetoka sikioni.

Mama akamfunga mgongoni, akavaa viatu. Baba akamwuliza anakwenda wapi tena, na Mungu ameshajibu. Yeye akafungua mlango, akatoka. Nilichukua mfuko wa nepi nikamfuata.

Daktari aliangalia, akasema sikio lilikuwa limeoza kwa ndani siku nyingi, hadi kiwambo kikapasuka. Usaha ulipopata pa kutokea, maumivu yakapungua, mtoto akanyamaza. Alitupatia dawa, akauliza mbona tumekawia hivyo.

Yoeli alipona, lakini sikio lile halikurudi. Ukimwita kutoka kushoto hageuki. Baba alitoa ushuhuda wake kanisani, Kukhu akaenda kuutoa wake huko Bungoma, na katika shuhuda zote mbili hakukuwa na usaha. Mtoto akaitwa Yoeli Simiyu ili kila upande uridhike.

Sikuliacha kanisa, ingawa kuna miaka nilikaribia. Katika miaka ya tisini, nikiwa na mtoto wangu mwenyewe, nilimwuliza Mama alikuwa akiomba nini njiani siku ile, kwa maana nilimwona akisemasema peke yake. Nilidhani aliomba Yoeli apone, au aonyeshwe la kufanya.

"La kufanya nilijua tangu Jumatano," alisema. "Niliomba tu anisamehe kungoja."

Nilitaka kumwambia kosa halikuwa lake. Lakini Yoeli alikuwa anakata kuni uani, na Mama alikuwa na neno naye. Akainuka, akamzunguka polepole hadi upande wa kulia, ndipo akamwita.

Siku hizi mtoto akishikwa na homa nyumbani kwangu, naomba kama Baba alivyonifundisha, ila naomba nikiwa njiani kwenda hospitali.