Moyo wa Ekai na Maziwa ya Mamake

Nilianza kazi 2012, hospitalini Lodwar, na nilikuwa nyanya tayari. Sista Nakiru, mkubwa wa wodi ya wanaume, aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Darasa la pili, nikamwambia. "Basi. Hapa kazi yako ni mdomo." Nikawa mkalimani: Kiturkana cha mgonjwa nampa daktari kwa Kiswahili, ya daktari nayarudisha bila kupunguza.

Ninayemkumbuka zaidi ni Ekai, mchungaji wa upande wa Nariokotome. Homa yake ilikuja na kwenda, jasho jingi, viungo vikiuma. Kwao walidhani ni malaria. Damu ikaonyesha brusela, ugonjwa wa mifugo. Mtu huupata kwa maziwa mabichi, au kwa kumshika mikono mitupu mbuzi aliyeharibu mimba. Kwa Ekai ulikuwa umefika moyoni. Moyo una milango midogo inayozuia damu isirudi nyuma. Wake mmoja ulikuwa umeliwa, unavuja.

Daktari Barasa akasema, "Sindano na vidonge, miezi. Halafu apasuliwe Eldoret. Akinywa tena maziwa mabichi, tunateka maji kwa kikapu."

Mamake alikuwa pale na kibuyu chake. Maziwa yaliyochemshwa Ekai hanywi, akasema, na asiyekunywa atapata nguvu wapi? "Muulize huyu daktari, mamake alimchemshia?"

Nikauliza. Daktari akajibu, "Mwambie mimi nililelewa na ya pakiti."

"Pole," mama akasema. "Ndiyo maana ni mfupi."

Wodi nzima ikacheka, Ekai pia, kisha pumzi ikamkatika. Mamake alimtazama mpaka pumzi ikarudi, ndipo akaniuliza sufuria iko wapi. Aliyachemsha maziwa mwenyewe, akakifukiza kibuyu moshi ili yawe na ladha ya nyumbani. Ekai akanywa.

Baadaye walipelekwa Eldoret, kupitia Kainuk. Mimi 2013 nilihamishiwa kliniki ya Kakuma, kuwaambia wauza maziwa maneno yaleyale ya kuchemsha. Mkubwa wa kule, Ofisa Lokiru, alinionya: "Usiwatishe, Mama. Wataacha kuja." Mwaka ulipoisha nikastaafu.

Nyinyi mnaoingia kazi hii, tafsirini hata matusi. Ndani yake mna hofu ya mtu.

Siku moja Mama Ekai alikuja kwangu Nawoitorong, Ekai nyuma yake na kovu kifuani.

"Ejok," akanisalimu. "Nimekuletea maziwa. Nimeyachemsha."

Nikachukua sufuria niyachemshe tena.

"Kumbe huniamini?"

"Wewe nakuamini. Mbuzi ndiye simjui."

Ekai akacheka, na mara hii akamaliza kicheko chake.