Tuliosimamishwa Mbele

Mume wangu wa kwanza aliuawa kwa ajili ya ng'ombe walioingia shambani. Uwele ulikuwa umeanza kutoa masuke, na ng'ombe wa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo wakaingia, wakala na kukanyaga. Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini hasira zake zilikuwa karibu. Alimtukania yule jirani mama yake, kisha akamrukia. Walipokuwa wakipigana, jirani akamchoma mkuki chini ya mbavu. Walimleta nyumbani juu ya ngozi, watu wanne wamembeba, naye alikuwa ameshakata roho njiani.

Sitaji majina. Wajukuu wa watu hawa wapo, na Jumapili tunakaa nao kanisa moja.

Aliyemuua hakukimbia. Siku ileile, jua halijazama, alikwenda kwa mtemi, akauweka mkuki chini, akaketi mlangoni akasema, "Nimeua mtu." Ndivyo ilivyokuwa kwetu Ugogo. Aliyeua alisema mwenyewe, na akishasema, wazee wa pande zote mbili walikaa, na ukoo wake ukatoa ng'ombe kwa ukoo uliofiwa. Ng'ombe hawamrudishi mtu, hilo kila mmoja alilijua. Lakini mjane alipata maziwa, watoto wakakua, na mwisho watu wa koo zile mbili waliweza kuteka tena maji kisima kimoja.

Mama yake huyo jirani ndiye aliyenizalisha binti yangu wa kwanza. Alikuja msibani, akajitupa chini mlangoni pa tembe letu. Sikumfukuza. Nilikuwa sina nguvu ya kumfukuza, na sikuwa na nia.

Wazee walikuwa bado wanajadiliana habari ya ng'ombe ilipofika habari bomani. Siku hizo Wadachi, hao Wajerumani, walikuwa wameshaishika nchi, ingawa sisi wa vijijini tuliwaona kwa nadra tu. Askari walikuja wakamkuta yule jirani akiziba zizi kwa miiba. Wakamfunga mikono. Aliwauliza kama anaweza kwanza kumaliza pengo lile ili fisi wasiingie. Walimkatalia.

Tuliitwa kwenye shauri, mimi na shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Bwana mkubwa aliketi nyuma ya meza na mkalimani akasimama kando yake. Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, Kigogo chake cha kuokoteza, lakini tulielewana. Aliniuliza ninataka nini.

"Nataka ng'ombe," nikasema. "Na huyu anilimie shamba mpaka watoto wangu wawe na nguvu za kushika jembe."

Mkalimani akasema na bwana, kisha akanigeukia. "Bwana anasema ng'ombe si malipo ya mtu. Huyu atanyongwa. Akinyongwa mbele ya watu wote, hakuna atakayeua tena katika nchi hii."

"Na watoto wangu watakula nini?"

Alinitazama kidogo. Hilo hakulifasiri.

Siku ya kunyongwa, majumbe waliamriwa kuleta watu wa vijiji vyao. Walitoka mpaka upande wa Ipagala, wengine walitoka milima ya Kibakwe, wanaume na wanawake wenye watoto mgongoni. Askari walituweka mimi na shemeji mstari wa mbele kabisa, kwa kuwa tulikuwa wenye msiba na, walivyosema, hii ilikuwa haki yetu. Mama wa yule jirani walimweka upande wa pili, ametuelekea.

Alipopandishwa, alimtafuta mama yake kwa macho. Akamwambia, "Mama, geuka." Mama hakugeuka. Mimi ndiye niliyegeuka. Nilitazama miguu ya watu mpaka niliposikia watu wameshusha pumzi kwa pamoja, na nilipoinua uso nikamwona shemeji yangu ameinama anatapika juu ya vidole vyake.

Tulirudi nyumbani. Ng'ombe hatukupewa. Ukoo wao ulituma mtu kusema, "Mtu wetu mmekwisha kumchukua. Mnataka na ng'ombe?" Wazee wetu wakamwacha aende zake. Hata mimi niliona wana haki. Mwaka ule binti zangu walikula mlenda mtupu siku nyingi, na yule bibi mkunga alipita mlangoni kwangu akienda kuteka maji, nami sikujua nimwamkie vipi.

Shemeji alinirithi, kama ilivyokuwa desturi. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mpole, mchekeshaji wa watoto. Hata baada ya kuwa mume wangu aliendelea kuniita shemeji, nami nikazoea. Lakini tangu siku ile ya bomani hakuweza kumfunga ndama kamba shingoni. Alimfunga mguu. Akiona mtu amefunga shingoni alisema, "Mfungue huyo," na sauti yake ilibadilika. Nikijiuliza nani katika nchi yetu aliingiwa na woga ule kama Wadachi walivyotaka, jibu lilikuwa ni yeye. Wengine walizungumza habari ile kwenye pombe mpaka wakaizoea. Yeye hakuizungumza kamwe.

Mauaji hayakwisha. Yalibadilika sura. Mtu mmoja alikutwa korongoni amekufa baada ya ngoma ya mavuno, na hakuna aliyekwenda kuketi mlangoni kwa mtemi. Zamani tungemjua aliyeua kabla maiti haijaoshwa. Sasa kila mtu alimtazama mwenzake. Mpaka leo sijui ni nani aliyemuua.

Kisha ukaja mwaka mkavu. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na watu walichimba visima humo, virefu kuliko kimo cha mtu, wakateka maji kidogo kidogo kwa kibuyu na kuyamimina kwenye birika la udongo ili ng'ombe wanywe kwa zamu. Ugomvi ulikuwa wa kila siku. Mume wangu alitoka asubuhi na ng'ombe wetu, na siku hiyo hakurudi. Wanyama walikuja peke yao, wengine hawajanywa.

Alikuja kesho yake asubuhi, nilipokuwa nasaga. Aliketi karibu na jiwe la kusagia, akaupangusa unga ulioanguka kwa kidole. Nikamwuliza, "Umelala wapi?"

"Kichakani." Akaendelea, "Shemeji, nimempiga mtu fimbo ya kichwa kule kisimani. Aliingiza ng'ombe wake zamu yangu. Nilimwambia mara ya kwanza, mara ya pili akanisukuma."

"Amekufa?"

"Nilipomwacha alikuwa anapumua. Aliniomba maji."

"Ukampa?"

"Kibuyu kilikuwa mkononi mwangu. Nikaona ile kamba, shemeji. Niliiona kama ninavyokuona wewe. Nikakimbia."

"Na ulipoinua fimbo, hukuiona?"

"Wakati ule nilikuwa namwona yeye tu."

Nilichukua kibuyu cha maji, nikamwita jirani mwanamke, tukaenda mbio. Jua lilikuwa limeshapanda. Tulipofika, ndugu zake walikuwa wameshamkuta, wamemfunika nguo. Alikuwa amejiburuta kutoka pale alipoangukia kuelekea kisimani, na alama za viwiko vyake zilikuwa bado mchangani. Jeraha lenyewe halikuwa kubwa. Mzee mmoja wa kwao aliniambia, wala hakujua mimi ni mke wa nani, "Huyu angepata kivuli na maji, angepona."

Niliporudi nilimkuta mume wangu palepale. Nikamwambia amekufa. Nikamwambia, "Nenda kwa mtemi ukaketi mlangoni."

"Yule aliketi mlangoni," alisema. "Wewe unajua alikofikishwa."

Alichukua mkuki na kibuyu, akaenda upande wa milima ya Kondoa, kwa watu asiojuana nao.

Askari walikuja. Walichukua ng'ombe wote waliokuwa zizini, na kwa kuwa hawakumpata mwanamume wakanichukua mimi. Binti zangu niliwaacha kwa dada yangu. Bomani sikupigwa. Nilipewa kazi ya kuteka maji na kusiriba kuta pamoja na wanawake wengine ambao waume zao walikuwa wanatafutwa, na kila mara niliulizwa yuko wapi. Nilisema sijui, na ilikuwa kweli. Niliomba moyoni afike mbali mno.

Lakini habari husafiri. Alisikia huko alikokuwa, akarudi. Nilikuwa nachanganya udongo nilipomwona langoni, amekonda, amesimama kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Askari wa zamu hakumjua. Aliniona, akaja mpaka karibu.

"Watoto wako na nani?" akauliza.

"Wako kwa mama yao mkubwa."

"Basi nenda nyumbani, shemeji. Nimekuja."

Ndipo akamwendea askari akajitaja.

Mkalimani alikuwa yuleyule, na bwana mkubwa yuleyule. Walikiri kwamba amekuja mwenyewe, lakini hilo halikubadili kitu, kwa kuwa kwanza alikimbia. Bwana alimtazama sana, akamwuliza jambo kupitia kwa mkalimani: yeye siku ile ya yule mwingine hakuwepo?

"Nilikuwepo," alisema mume wangu. "Mliniweka mbele."

Mkalimani akafasiri. Bwana akasema hukumu ileile.

Mara hii sikwenda. Jumbe alikuja kukusanya watu, nikamwambia anifunge akitaka, siendi. Aliniacha. Nilikaa ndani ya tembe na binti zangu, nikawasuka nywele, kwanza mkubwa kisha mdogo, na nilipomaliza nikazifumua nikaanza upya. Mdogo aliuliza kwa nini namvuta. Jioni watu walirudi wakipita njiani bila kuongea, na hivyo nikajua.

Mvua ziliponyesha, nilimwendea mjane wa yule aliyekufa kisimani. Wazee wetu walinizuia. "Hatudaiwi," walisema. "Wadachi wamekwisha kumchukua mtu wetu." Yalikuwa maneno yaleyale niliyotumiwa mimi, na nilikumbuka yalivyonilaza njaa. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyewekwa kwa ndugu yetu mbali, ambaye askari hawakumpata. Nikamswaga mpaka kwake.

Alitoka, akanitazama mimi, akamtazama ng'ombe.

"Mbukwenyi," nikamwamkia.

Hakuitikia. Alimshika ng'ombe pembe, akamwingiza zizini, akafunga mlango wa miiba. Nilisimama pale, sikujua kama niondoke. Kisha akasema akiwa ndani ya zizi, "Ana ndama?"

"Amekufa kiangazi. Lakini bado anakamuliwa."

"Haya," akasema.

Hatukuwa marafiki, wala hakuja kwangu hata siku moja. Ng'ombe yule alimpa maziwa masika yale na kiangazi kilichofuata, kisha ugonjwa ukapita nchini akafa pamoja na wengine. Vita vilipokuja, Wadachi waliondoka, na mahali pale walipokuwa wakisimamisha watu palimea nyasi. Vijana wananiuliza siku hizi, wakisikia serikali nyingine nazo zina kamba zao, kama kamba ya zamani ilizuia watu kuua. Nawaambia nilimjua mtu mmoja aliyeiogopa kwa moyo wake wote, na nawasimulia habari zake.