Sidiria Niliyomvalia Asiyekuwepo

Nakumbuka siku moja ya kupura ulezi hapa Kasense, nikiwa bado mgeni katika ukoo wa mume wangu, na mtoto wangu wa kwanza, Maria, ana miezi miwili. Baba yake alikuwa Kirando, kule ziwani, akinunua dagaa, na tangu nijifungue hakuwa amefika nyumbani. Ndipo dereva wa lori akaleta salamu kwamba yuko njiani.

Mwanangu, nilichanganyikiwa. Tumbo lilikuwa halijarudi, nikajiona nimechakaa. Nikakimbilia mitumba mjini, nikachagua sidiria nyekundu ya lesi yenye waya chini, na nguo ya nailoni ya kubana tumbo, ile inayopanda mpaka chini ya matiti. Zote zilinibana, nikajiambia ndiyo uzuri wenyewe. Kichwa cha binti wa miaka kumi na tisa, utakifanyaje?

Asubuhi ya kupura nikazivaa, asije akanikuta nimelegea. Anayejua ulezi anajua makapi yake: yanapenya popote na yanawasha. Jua lilipopanda nikalowa, na nailoni hainywi jasho. Wenzangu waliimba na kutaniana. Mimi nilipiga fimbo huku machozi yananilenga. Sikuwa na hata mmoja wa kumwambia. Ningeanzia wapi?

Hakuja siku hiyo, wala kesho yake. Nami sikuzivua. Nililala nazo, nikanyonyesha kwa kuchomoa ziwa juu ya waya. Siku ya tatu ziwa la kushoto likawa gumu, linawaka moto, natetemeka kwa homa, na Maria analia njaa.

Mama mkwe akaingia. Aliponifunua alichukua mkasi, akaikata ile nailoni toka juu hadi chini. Ngozi ilikuwa imejaa malengelenge.

"Umemvalia nani haya?"

"Baba Maria, mama."

"Baba Maria hayupo. Maria yupo."

Akanipeleka zahanati. Nilipona, lakini ziwa lile halikutoa maziwa tena, na Maria alinyonya upande mmoja tu. Baba yake alifika baada ya mwezi. Alikula, akalala, hakuona kilichopungua.

Sasa naishi peke yangu. Maria hupiga simu Jumapili baada ya misa. Siku nyingine zote nyumba iko kimya, na upweke unaniuma kweli. Ndiyo maana wewe binti uliyekuja kunisalimu nakwambia hata usiyoniuliza.

Nguo ya ndani ya kila siku iwe ya pamba laini, yenye kuvutika kidogo. Kabla ya kununua, iweke mdomoni upulize. Pumzi isipopita, jasho nalo litakwama. Pitisha kidole kwenye mishono, usikie kama inakwaruza. Ukiijaribu, inama kama unayefagia, kaa, vuta pumzi hadi tumboni. Ikikukatalia, iache hapo hapo hata muuzaji akusifie vipi. Lesi na nguo za kubana sikukatazi. Vaa harusini, saa chache, ukirudi vua. Na ukiwa unanyonyesha, waya usiuguse kabisa.

Mungu akujalie mwili wenye afya, mwanangu, na akupe mtu wa karibu unayeweza kumwambia bila aibu, hapa pananiuma. Wa kwangu alikuwa mama mkwe, nami nimeshamzika. Huyo wako, Mungu akutunzie.