Njoo na Mtu Anayekujua

Daktari wa Kitengela aliniuliza kama kuna wakati niliwahi kujisikia nina nguvu nyingi kuliko kawaida. Nikamuuliza, kawaida ya nani? Hakukasirika. Aliweka kalamu chini, akanitazama kidogo, akasema, "Ndiyo sababu nataka uje na mtu mwingine. Mtu anayekujua."

Nilikuwa nimeenda kwake kwa sababu nilikuwa nimeacha kuamka. Sikuwa nikilala, ila siku zilikuwa zinapita nikiwa chini ya blanketi, pazia limefungwa, nikisikiliza lori la maji likirudi nyuma kwenye geti la jirani. Kazi yangu ya kuhariri ripoti za watu kwenye mtandao niliiacha bila kumwambia yeyote. Nilitarajia daktari aseme ni dipresheni, aandike vidonge, nami nirudi nyumbani nikavitilie shaka. Chuoni nilisomea sosholojia. Niliwahi kuandika insha ndefu yenye dharau nyingi, nikidai kwamba ugonjwa wa akili ni jina ambalo wenye nguvu huwapa wanaowasumbua. Nilipata alama nzuri. Sasa nilikuwa nimekaa mbele ya mwenye nguvu, na nilichotaka ni anipe jina lolote.

Hakunipa. Alinieleza kwamba kuna huzuni inayosimama peke yake, na kuna huzuni ambayo ni nusu ya chini ya kitu kingine. Ukizitazama kutoka chini zinafanana kabisa. Na mtu aliyewahi kuwa juu hakumbuki kule juu kama ugonjwa. Anakukumbuka kama wakati pekee alipokuwa hai. "Nikikupa dawa ya ile ya kwanza, kumbe uko na ile ya pili, naweza kukurusha mahali ambapo kukushusha itakuwa shida," alisema. "Nimekuuliza ulikuwaje zamani, umesema ulikuwa sawa tu. Siwezi kuandika dawa juu ya sawa tu."

Nilifikiri, hapo nimewashika. Sayansi nzima ambayo lazima iite shahidi, kama kesi ya mbuzi. Hakuna damu, hakuna picha. Nilimwambia hivyo hivyo.

Alicheka. "Niletee hiyo damu iliyo na jibu, tufunge hii kliniki twende nyumbani."

Nikarudi kwenye ploti ninayopanga chumba, kutafuta mtu anayenijua. Nilikuwa nimekaa pale miaka mitatu. Jirani wa mlango wa mbele nilimkuta kwenye ngazi, nikamuuliza, kwa namna ya mzaha, kama ameona mabadiliko yoyote kwangu.

"Mimi nakujua kwa viatu, bro," alisema. "Zile za buluu. Siku hizi hazitoki mlangoni." Alingoja kidogo aone kama kuna kingine, kisha akaingia kwake.

Usiku huo nilitafuta kwenye simu jina la mtu ambaye angeweza kusema nilikuwaje. Nilipita majina mengi ya watu niliowahi kuwafanyia kazi. Kesho yake nikampigia mmoja tuliyesoma naye.

"Wewe? Mgonjwa?" alisema. "Manze, ule mwaka wa kuku ulikuwa moto! Ulikuwa hulali. Si ulitaka kufuga kuku kwa paa ya ploti yote, ukaandikia hadi gavana? Ulikuwa unanipigia saa tisa usiku na hesabu za mayai. Hiyo ndiyo ilikuwa wewe. Huyu wa sasa ndiye simjui."

Niliukumbuka mwaka ule kama mwaka niliofanya bidii. Nilimwomba aje aseme maneno hayo hayo kwa daktari.

"Nikuje niseme rafiki yangu ni mwenda wazimu? Zii. Hapo umenikosa."

Nilimpelekea daktari maneno ya rafiki yangu mimi mwenyewe. Alisikiliza, akasema mtu anaweza kuwa na mwaka mmoja wa kuku bila kuwa mgonjwa. Vijana wanalewa mipango. Alichotaka kujua sasa ni kama jambo la aina hii limewahi kupita katika familia yetu, kwa sababu mara nyingi linatembea ndani ya damu hata kama damu yenyewe haisemi. "Kuna mtu?" aliuliza.

Nilisema sijui, na ilikuwa kweli. Kulikuwa na mjomba, ndugu ya mama. Namkumbuka akinibeba mabegani huku akiongea kwa kasi hadi nacheka bila kuelewa neno. Namkumbuka asubuhi moja akiwagawia wachungaji wa mbuzi shuka yake na viatu vyake. Baadaye hakuwepo. Tuliambiwa ameenda Magadi kufanya kazi kwenye kiwanda cha magadi, na hakuna mtu aliyewahi kutoka huko akatuletea salamu zake. Nilipouliza nilipewa chai. Nilipouliza tena nikiwa mkubwa, mama alisema nimalize shule kwanza.

Kwa hiyo aliyetakiwa alikuwa mama. Anaishi nje ya mji wa Kajiado, na mbuzi wake na dada yangu mdogo. Siku zile hakuweza kusafiri, kwa sababu familia moja ya upande wa Bissil ilikuwa imeanza kuja kumwulizia dada yangu kwa ajili ya ndoa, na wageni wa namna hiyo hawatoi taarifa. Daktari akampigia mwenzake wa Kajiado, kijana anayeongea Kimaasai, akaniambia nimpeleke mama huko. Nilifurahi. Nilidhani lugha ndiyo ingekuwa kazi ngumu, na kazi hiyo sasa imekwisha.

Kijana yule alisimama tulipoingia. "Takwenya, yeyo," akamsalimu kwa heshima, akimwita mama kama mwanawe, nao wakaongea Kimaasai.

"Iko," mama akaitika.

Daktari alimuuliza juu ya mbuzi, juu ya mvua, kisha, kama adabu inavyotaka, akamuuliza ni wa ukoo gani, binti ya nani, na boma lao liko upande gani. Mama alijibu kila kitu. Haikuchukua muda wakagundua kwamba shangazi ya daktari ameolewa Bissil. Daktari alitabasamu, akaamini amefungua mlango. Mimi nilikuwa nimekaa kando, nikaona mikono ya mama ikirudi taratibu ndani ya shuka.

"Yeyo, katika familia, upande wa baba au upande wako, kuna mtu aliyewahi kuugua akili?"

"Kwetu hakuna."

"Hata zamani?"

"Watu wetu ni wazima. Hawana kifafa, hawana wazimu, hawana laana. Wanawake wetu wanazaa vizuri."

Ndipo nikaelewa. Hayo ndiyo maneno tunayowapa watu wanaokuja kuomba msichana, kwa mpangilio huo huo, kwa sauti hiyo hiyo. Hapakuwa na daktari tena mle chumbani. Kulikuwa na mtoto wa watu fulani, mwenye shangazi Bissil, anayeuliza swali ambalo limewahi kurudisha ng'ombe wa mahari njiani.

"Yeyo," nikasema, "na mjomba?"

"Yuko Magadi," alisema bila kunigeukia.

Daktari akaandika.

Tulisimama nje karibu na uzio, upepo ukivuta vumbi kutoka barabara ya Namanga. Nilimweleza mama, polepole, kwamba kuna magonjwa mawili yanayofanana, na dawa ya mmoja inaweza kuamsha mwingine. Nilimweleza kwamba madaktari hawaruhusiwi kusema habari za mgonjwa, kwamba wameapa.

"Wameapa kwa nani?"

Mimi ninayeuliza kila kitu sikuwa nimewahi kuuliza hilo.

"Yule kijana atakula Krismasi kwa shangazi yake," mama alisema. "Atakula nyama, atashiba, ataongea. Si kwa ubaya. Dada yako ana maisha moja tu."

"Na mimi?"

Alininyooshea kola ya shati. "Wewe umesoma," akasema, kana kwamba kusoma ni chanjo niliyodungwa utotoni.

Nilirudi Kitengela, nikafunga pazia. Daktari wangu alinipigia siku moja, akasema hataanzisha dawa kwa kubahatisha, nisubiri kidogo, na nikizidiwa nije mara moja. Sikuwa na hasira na mama. Ningekuwa na hasira ingekuwa afadhali, maana hasira humwamsha mtu. Nililala nikijaribu kutoa hoja dhidi yake na kila hoja ikaishia kwa uso wa dada yangu. Nilifikiri kwamba pengine hakuna ugonjwa wowote, kwamba mimi ni mvivu mwenye maneno mengi. Kisha nilifikiri kwamba mtu asiye mgonjwa hawezi kushindwa kwenda kuchota maji ya kunywa yaliyoko hatua chache kutoka kitandani.

Siku moja mchana simu ililia. "Niko kwa geti," mama alisema. "Huyu mlinzi ananiuliza naenda kwa nani. Nasema kwa mtoto wangu. Anasema hapa hakuna mtu kama huyo."

Nilishuka na ndevu zangu, nimevaa viatu vya buluu. Mlinzi alinitazama kama mpangaji mpya. Mama aliingia chumbani. Alikunja blanketi, akafungua pazia, akasimama akitazama kuta za ploti nyingine zilizo karibu hadi unaweza kumpa jirani chumvi, akauliza ni nani anayeishi pale. Nikasema sijui. Alitikisa kichwa polepole.

"Nipeleke kwa yule ambaye hanijui," alisema.

Daktari wa Kitengela ni mwanamke wa makamo kutoka upande wa ziwa. Yeye na mama hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja ila Kiswahili, ambacho kwa wote wawili ni nguo ya kuazima. Mama hakukaa kwanza.

"Wewe ni wa wapi?"

Daktari akamwambia.

"Uko na ndugu Bissil?"

"Bissil? Mama, mimi sina mtu hata Isinya."

"Sawa." Mama akavuta kiti, akanigeukia. "Wewe, toka nje."

"Yeyo, ni mimi mgonjwa."

"Ndiyo. Toka."

Nilikaa kwenye benchi la ukutani. Chumba kile kimetengwa kwa ubao mwembamba, na sauti ya mama ilikuwa inapita, maneno hayapiti. Aliongea muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea. Daktari aliuliza mambo mafupi. Mara moja mama alicheka, kicheko kidogo cha msichana, nami nikajua kwamba anamweleza habari za kaka yake alipokuwa mzima au alipokuwa juu, na kwamba kwake huenda hizo mbili hazikuwahi kutengana. Kisha nikasikia akipenga kamasi.

Ningeweza kusogeza sikio kwenye ubao. Swali lile nimelibeba tangu utotoni, na jibu lilikuwa upande wa pili wa kitu chembamba kama biskuti. Niliinuka, nikahamia benchi la mbali, kando ya dirisha la dawa, ambako kulikuwa na kelele.

Daktari aliponiita alikuwa ameshaandika. Ni baipola, ile huzuni ya pili, alisema, kwa kadiri anavyoweza kuona sasa, na atakuwa anaangalia tena, kwa sababu jina hili huthibitishwa na miaka. Alinieleza dawa, maji ninayopaswa kunywa, dalili za kukimbilia hospitali. "Na ile damu uliyoitaka, sasa utaitoa. Haitakuambia unaugua nini. Itatuambia kama dawa imezidi mwilini."

"Mama amesema nini?"

"Amesema ya kutosha."

"Kwa hiyo nimepewa jina juu ya habari nisiyoweza kuiona."

"Unaweza kukataa."

Nilitafuta hoja. Zilikuwepo, nyingi na nzuri, na zote nilikuwa nimezitumia nikiwa nimelala. Nikachukua karatasi, nikaenda kwenye dirisha la dawa.

Mama alikuwa ananisubiri kwenye kivuli cha ukuta. Aliishika pakiti, akaigeuza, akanirudishia.

"Hii inaonekana kwa mtu?"

"Daktari amesema mikono inaweza kutetemeka."

Alitazama mikono yangu, ambayo ilikuwa imetulia. Aliitazama muda mrefu. "Jumamosi wale wa Bissil wanakuja na wazee wao," alisema. "Wewe usikuje. Nitasema uko kazi."

"Sawa."

"Si kwamba…"

"Najua, yeyo."

Sikumuuliza juu ya mjomba. Alinunua nyanya karibu na steji ya matatu, akalalamika kwamba ni za maji, akaenda zake.

Jumamosi nilimeza dawa baada ya uji. Nilioga. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka kidogo, kiasi cha kuona ukishika kikombe. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nimevaa shati safi, bila mahali pa kwenda. Alasiri mama alinipigia. Nilipokea, nikasema halo mara mbili, hakujibu. Nilisikia kitambaa kikisuguana na simu, mbuzi, kikombe kikiwekwa chini, kisha sauti ya mzee nisiyemjua ikianza kubariki. Mama alikuwa ameificha simu ndani ya shuka yake, ikiwa hewani.

Mzee alimwombea dada yangu watoto, mvua, ng'ombe, maisha marefu, na kila alipopumua watu wote waliitikia pamoja, "Naai," yaani Ee Mungu. Niliweka simu kwenye godoro kando yangu, sauti yote juu. Jirani alipita kwenye ngazi, akafungua mlango wake, akaufunga. Mzee aliendelea. Aliwaombea wa nyumba ile wote, waliopo na walio mbali, nami nikaitikia.